Nafasi Moja ya Mtihani

Sikilizeni kisa hiki vizuri, maana uamuzi nitawaachia ninyi.

Madaktari watatu walikuwa wakisomea ubingwa wa uzazi katika hospitali moja. Salha alisifika kwa sikio lake, Nyamizi kwa wepesi wa mikono, na Atupele kwa kutokata tamaa. Siku ya mtihani wa mwisho waliambiwa sharti: atakayeuacha mtihani wake atarudi mwakani.

Salha aliitwa kwanza. Aliambiwa ampime Sikitu, mama mjamzito aliyekubali kupimwa na watahiniwa. Akasikiliza tumbo, kisha akabadilika uso.

"Mapigo ya mtoto yanashuka."

"Hayo utayaeleza mwishoni," mtahini alisema. "Jibu maswali kwanza."

"Mwishoni atakuwa amekufa, Profesa."

Akayaacha maswali, akakisukuma kitanda mwenyewe mpaka chumba cha upasuaji.

Daktari wa zamu alikuwa katikati ya upasuaji mwingine. Nyamizi, aliyekuwa nje akingoja zamu yake, alinawa na kuvaa glavu. Jina lake liliitwa kwenye chumba cha mtihani wakati yeye amekwisha shika kisu. Akamtoa mtoto upesi, na mama hakuvuja damu nyingi.

Lakini mtoto hakulia.

Atupele alikuwa akijibu swali chumba cha pili aliposikia muuguzi akiita msaada. Alikatiza jibu, akakimbia, akamwekea mtoto barakoa na kuanza kumpulizia hewa.

Sikitu, aliyekuwa amepigwa ganzi kiunoni tu, akauliza, "Mbona kimya?"

"Dada, huyu ametuacha," muuguzi alinong'ona.

"Moyo bado unadunda," Atupele alisema, akaendelea. Akaendelea mpaka kila mtu pale akachoka kumtazama. Ndipo mtoto akalia.

Wote watatu walikuwa wamevunja sharti. Watahini waliwahurumia, lakini wenzao waliotoka chuo kingine walikuwa wakiondoka jioni ile, na muda ulitosha kumtahini mtu mmoja tu.

"Bila Salha nani angejua?" mtahini wa kwanza alisema.

"Kujua peke yake kungemwacha tumboni. Nyamizi ndiye aliyemtoa."

"Na alipotolewa hapumui?" wa tatu akauliza.

Wakamwendea Sikitu, wakamwomba achague yeye. Akamvuta mwanawe kifuani. "Msinichagulishe," alisema.

Nje, madaktari wale walikaa benchi moja. Kila mmoja aliitaka nafasi ile, na kila mmoja aliona haya kuitaka.

Sasa ninyi mnaonisikiliza: mngempa nani? Na wale wawili wengine, mngewatazama usoni mkawaambia nini?