Kwa Nini Kishikio cha Baraza Kina Kifundo Katikati

Mmefunga safari kutoka Ikwavila ya Juu kuja kuchukua kishikio cha baraza lenu jipya, na kabla hata hamjamaliza uji mmeanza kunifundisha kazi. Mnataka tete lililo wazi toka mwanzo hadi mwisho, eti litasafishika upesi. Silitengenezi. Miaka arobaini nimekaa na kazi hii, mama yangu aliifanya kabla yangu, na hakuna kishikio kilichotoka katika nyumba hii bila kifundo. Kaeni niwaambie sababu, huku nakisugua hiki chenu kwa jani la msasa.

Wakati ninaousema, vishikio havikuwepo. Watu wa bonde hili walilima tumbaku na kuisokota kama walivyofanya mpaka juzijuzi, lakini msokoto waliushika kwa vidole vitupu. Mtu akivuta shambani kwake, moto ukimkaribia aliutupa akaendelea na jembe lake. Hapo hapakuwa na neno. Shida ilikuwa barazani.

Baraza la siku hizo lilikuwa na sheria moja. Mwenye shauri alipewa msokoto uliokwisha kuwashwa, mfupi na mnene, usiozidi kidole gumba, ili mashauri yasichukue siku nzima. Maneno yake yalihesabika kwa muda ule tu moto ulipokuwa mkononi mwake. Alisema, akavuta kidogo usizimike, akasema tena. Ukizimika, amemaliza. Akiudondosha, amemaliza hata kama alikuwa katikati ya neno. Na juu ya sheria hiyo watu walikuwa wameweka imani yao, kwamba moto unamjua mwongo. Aliyestahimili mpaka kikabaki kipande kisichozidi ukucha, huyo ndiye aliyekuwa na haki. Aliyedondosha mapema, basi alikuwa na jambo analolificha. Wazee wetu walikuwa watu wenye akili zao, sikatai, lakini hapo walichemsha.

Kwa sababu hiyo wahunzi hawakuwa wakishindwa shauri. Mhunzi ana ngozi ya vidole ngumu kuliko kisigino changu. Na mhunzi mkubwa wa wakati huo aliitwa Ndelwa. Huyu Ndelwa ni babu wa babu yangu, kwa hiyo nikimsema naisema nyumba yangu mwenyewe, wala sioni haya. Akisimama barazani alisema maneno mawili, akavuta, akatulia, akaacha watu watazame moto unavyomlia vidole naye hakunji hata uso. Watu walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Alichokisema hakuna aliyekikumbuka.

Siku moja Ndelwa alipataka mahali pa chemchemi. Alitaka kujenga tanuri lake pale, akadai kwamba babu yake ndiye aliyepafyeka. Lakini pale chemchemi palikuwa na kibanda cha kujifungulia, na katika kibanda hicho aliishi Sikitu, mkunga wa bonde zima. Alikuwa mama mtu mzima, mkimya, asiyependa mikusanyiko. Kila asubuhi alipaka vidole mafuta ya nyonyo mpaka vikawa laini, kwa kuwa kwa vidole hivyo alipapasa tumbo na kujua mtoto amelala vipi. Mkunga mwenye sugu hajui anachokigusa. Ndelwa mwenyewe alipokelewa na vidole hivyo siku alipokuja duniani, tena alitanguliza miguu.

Kibanda kikiondoka, maji mengine yalikuwa ng'ambo ya kilima. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu hapandi kilima. Hilo Sikitu alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, ila alihitaji muda wa kulisema, na muda ndio aliokosa. Shauri lilisikilizwa mara tatu, mwezi hadi mwezi. Mara ya kwanza alidondosha msokoto kabla hajamaliza kuwaamkia wazee. Mara ya pili alijikaza, akafika kwenye jina la Ndelwa, ngozi ikamchubuka na moto ukaanguka juu ya mkeka. Watu walianza kunong'ona. Hata wanawake aliowazalisha walianza kujiuliza kama kweli mama yule hana analolificha. Aliyedondosha mara tatu alipoteza mahali pake moja kwa moja, na mara ya tatu ilikuwa imebaki mwezi mmoja.

Vidole vilipopona, alikwenda kwa Ndelwa kunoa kisu chake cha kukatia kitovu. Msishangae. Mhunzi hakatai chombo cha mtu, hata awe anashtakiana naye, na ilikuwa hivyo tangu hapo.

"Kaa hapo kivulini, mama," Ndelwa alimwambia. "Sasa hivi kinapata makali."

Sikitu akakaa, akamtazama akifanya kazi. Akaona jembe likitolewa motoni, jekundu, likishikwa kwa koleo, likigeuzwa kwa koleo, likizamishwa majini kwa koleo.

"Mwanangu," akauliza, "mbona hukishiki chuma kwa mkono?"

Ndelwa alicheka mpaka mvukuto ukasimama. "Chuma chekundu hiki? Mama, nina wazimu mimi?"

Sikitu alipokea kisu, akashukuru, akarudi chemchemini akiwaza jambo moja tu, kwamba mtu anayesifiwa bonde zima kwa kushika moto, mchana kutwa hashiki moto.

Hapo ndipo alipoanza kutengeneza. Kwanza alipasua ufito, akabana msokoto katikati kama koleo lilivyobana jembe. Ulibanika, lakini tumbaku ilipondeka, hewa haikupita, moto ukazimika. Akaacha ufito, akakata tete pale pale kando ya maji, akalisafisha ndani lote likawa wazi, akachomeka msokoto upande mmoja na kuvutia upande wa pili. Hili lilipitisha hewa vizuri mno. Vidole vilikaa mbali na moto, akafurahi, akavuta mara ya tatu, na maji ya tumbaku, yale meusi machungu, yakateremka moja kwa moja mpaka kinywani. Alitapika siku nzima. Kibaya zaidi, ulimi ulikufa ganzi, na mtu mwenye ulimi wa namna hiyo hawezi kutetea hata kuku. Hilo ndilo tete mnalolitaka ninyi.

Alikaa siku nyingi akikata matete na kuyatupa. Mwishowe alikata moja lenye kifundo katikati, na kile kiwambo kinachoziba tundu ndani ya kifundo hakukiondoa. Alipasha moto sindano yake ya kushonea mikeka, akatoboa kiwambo tundu moja jembamba. Akavuta. Moshi ulipita umepoa. Maji machungu yalifika kwenye kiwambo yakakaa pale pale, akigeuza tete na kuligonga yanamwagika chini. Kinywa kilibaki kikavu. Kwenye mdomo wa tete, pale moto unapokaa, alipaka udongo wa chungu akauchoma, tete lisiungue. Kisha akajizoeza kila siku, kidole gumba juu ya kifundo, akisema maneno yake peke yake mbele ya chemchemi.

Siku ya baraza ilipofika alitembea wima. Mzee Mwagike, aliyekuwa mkuu wa baraza, alimwashia msokoto akampa, na mbele ya macho ya watu wote Sikitu akauchomeka kwenye tete.

Pakazuka zogo. Ndelwa alisimama. "Wazee wangu, sheria inasema moto uwe mkononi. Huyu mama anashika kijiti!"

"Sheria inasema moto uwe mkononi," Mzee Mwagike alirudia polepole. "Mama Sikitu, uko mkononi mwako?"

"Uko, baba. Naomba kumuuliza mwanangu Ndelwa jambo moja. Mwanangu, chuma chako unakishika kwa kitu gani?"

"Kwa koleo," Ndelwa akajibu, kabla hajajua anapelekwa wapi.

"Na jembe ulilolishika kwa koleo, ni la uongo?"

Watu wakacheka, na Ndelwa akakaa chini. Mzee Mwagike aliinua mkono, akasema, "Endelea, mama. Moto unakwenda."

Kwa mara ya kwanza Sikitu alisema. Alieleza kibanda kilijengwa na nani, na jinsi yeye alivyokipokea kutoka kwa mkunga aliyemtangulia, na yule kutoka kwa mwingine. Alieleza maji yale yanafanya kazi gani usiku wa kuzaa na asubuhi yake. Alieleza kilima, na akina mama wawili waliojaribu kukipanda mwaka ule chemchemi ilipokauka, akawataja majina, na waume zao walikuwapo pale wameinamisha vichwa. Alikuwa katikati ya habari hiyo udongo wa kwenye tete ulipopasuka ukaanguka vipande. Mdomo wa tete ukaanza kuungua. Watu waliona, wakangoja aache. Hakuacha, wala hakuharakisha. Kidole gumba kilikuwa juu ya kifundo, na moto ulikuwa mbali bado. Msokoto ulipokwisha alisema, "Nimemaliza," na kweli alikuwa amemaliza.

Angeweza kurudi kukaa. Badala yake aligonga tete likamwaga majivu na maji yake, akaufuta mdomo wa kuvutia kwa ncha ya kitenge, akaugeuza upande huo umwelekee Ndelwa. "Shika na wewe, mwanangu," akasema. "Sema bila kuumia, tukusikie."

Ndelwa alilipokea. Angekataaje mbele ya watu wale? Aliwekewa msokoto mpya, akavuta, akatulia kama kawaida yake, na watu wakatazama vidole vyake kama kawaida yao. Hapakuwa na cha kutazama. Vidole vilikuwa salama, moto uko kule mbele unawaka taratibu. Basi watu wakainua macho wakamtazama usoni, wakingoja maneno. Hayo hakuwa amekuja nayo. Hakuwahi kuyahitaji. Alisimama pale msokoto ukienda, jasho likimtoka, na nawaambia ukweli, kila ninapofika hapa namhurumia babu yangu.

Nusu ya msokoto ilipokwisha, alisema, "Nimechoka kubeba maji. Nilitaka maji ya karibu, basi. Babu yangu hakuwahi kukaa pale."

Akauzima moto mwenyewe.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee Mwagike alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe, vilivyojaa makovu ya misokoto ya ujana wake. "Mashauri mangapi nimeyakata kwa kutazama ngozi?" aliuliza. "Nani na nani niliwaondoa kwenye mashamba yao?" Baadhi yao walikuwa wamekaa pale pale mbele yake. Kisha akakata shauri. Kibanda kitabaki. Na kwa kuwa mhunzi hakusema uongo kwamba amechoka, vijana watachimba mfereji kutoka chini ya chemchemi, upeleke maji hadi kwenye tanuri lake. Mashauri ya zamani, kila mwenye kutaka alirudishe lake, ashike tete na aseme upya.

Kulipokucha Ndelwa alifika chemchemini, akabisha hodi mbali kama mwanamume anavyotakiwa kufanya mahali pale. Mkononi alikuwa na pete ya chuma, nyembamba, aliyoifua kwa kupima kwa macho tu jana yake.

"Udongo ulipasuka, mama," alisema, macho yakiwa chini. "Kazi ya moto ni yangu."

Sikitu alileta tete, Ndelwa akaipachika pete ile kwenye mdomo ulioungua. Ilikaa barabara.

Kuanzia siku ile mpaka hii tuliyomo, hakuna baraza katika bonde hili linaloamua kwa vidole. Kishikio hutengenezwa katika nyumba ya mhunzi, kwa tete la chemchemini, pete ya chuma upande wa moto na kifundo katikati kikiwa na tundu la sindano moja. Anayesema huweka kidole gumba juu ya kifundo, akasema mpaka amalize. Akimaliza hukifuta, akamgeuzia mwenzake upande wa kuvutia. Tumbaku tumeiacha. Yule nesi wa zahanati alitusema mpaka tukaona aibu, na mimi mwenyewe kifua hakinibani tena. Siku hizi kishikio hushikwa kitupu, na mashauri yamekuwa marefu kidogo, lakini tunasikilizana.

Nimekwisha kukisugua. Najua mtasema kama hakivutwi, kifundo cha nini. Haya, wewe uliyekuwa unabisha zaidi, kishike. Umeona kidole gumba kimekwenda wapi chenyewe? Sasa mgeuzie mwenzako, upande wa kuvutia umwelekee yeye, na umwache aseme.