Mbegu za Vuli Mashavuni mwa Kima

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa shamba.
Lilimwe!
Na mbegu je?
Zipo jikoni, zinakula moshi!

Hapo zamani za kale, Bi Nungu alikuwa na shamba, na alikuwa na mtani. Shamba lilitaka afanye kazi. Mtani wake, Kima, hakutaka afanye lolote. Na watani wa siku zile walikuwa na sheria yao: mtani akikuchokoza, usikasirike, akikutukana, usinyamaze. Aliyekasirika kashindwa, aliyenyamaza kashindwa.

Mvua za vuli zikakaribia. Bi Nungu akafyeka magugu, akayarundika pembeni yaoze, akaenda mtoni kunywa maji. Aliporudi alikuta magugu yametapakaa shamba zima, na Kima amejilaza katikati.

“Nilikuwa natandika kitanda, mtani. Umekasirika?”

Miiba ya Bi Nungu ikasimama. Akavuta pumzi, ikalala. “Sijakasirika.” Akarundika upya.

Akachimba mashimo, mstari kwa mstari, kila shimo akatia samadi. Akaenda kunoa jembe. Aliporudi, mstari mzima ulikuwa umefukiwa.

“Nilidhani unazika ukoo wako, nikasaidia. Umekasirika, mtani?”

Miiba ikasimama. Akavuta pumzi, ikalala. “Sijakasirika,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyekasirika. Akachimba upya.

Wingu likatanda. Bi Nungu akakimbilia jikoni kushusha mahindi ya mbegu, yale aliyoyaning'iniza juu ya moshi tangu mavuno ili wadudu wasiyatoboe. Akakuta magunzi matupu. Chini yake ameketi Kima, mashavu yamevimba, anamtazama miiba.

Hizo ndizo mbegu zote alizokuwa nazo. Mvua ikinyesha mashimo yakiwa matupu, wanawe wangelala njaa. Miiba ikasimama, na mara hii ikakataa kulala. Kumpiga Kima ni kushindwa. Kumwomba ni kumchekesha. Bi Nungu akamtazama, akamtazama tena, ndipo akang'amua: leo Kima yu kimya.

“Mtani, nisindikize shambani.”

Kima akamfuata. Hasira ile aliisubiri muda mrefu, hakutaka imponyoke.

Kwenye shimo la kwanza Bi Nungu akasimama. “Mtani, mkia wako mrefu kuliko akili yako.”

Kima akavumilia, akavumilia, akashindwa kuvumilia. “Nawe unalalia sindano!” Punje tatu zikamtoka kinywani, tii, shimoni. Bi Nungu akafukia kwa mguu.

Shimo la pili. “Uso wako kama sufuria iliyounguza ugali.”

“Wako kama ufagio wa chooni!” Tii, shimoni. Akafukia.

Shimo la tatu. “Hata kunguru akikuona hukupa pole.”

Kima alikuwa na mengi ya kujibu, tena marefu. Wakaenda hivyo mstari hadi mstari, huyu anatukana, yule anajibu na kupanda. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye shimo la mwisho. Kima akajishika mashavu. Yalikuwa matupu.

“Umekasirika, mtani?” akauliza Bi Nungu.

“Sijakasirika,” akasema Kima, mkia umesimama wima.

Ndiyo maana hadi leo ukipanda mahindi, Kima huja kufukua. Msimwite mwizi moja kwa moja. Yeye anadhani ni yake. Na Bi Nungu husonya, akafukia upya.

Funzo lake: msimu haumsubiri msumbufu aondoke. Mpe mstari wake apande.

Ngano yangu imefika shimo la mwisho. Tamu yake gaweni, chungu yake niachieni niifukie. Nawe uliyekaa karibu na bakuli la karanga, mbona tangu “paukwa” hujaitikia?