Ufa Usio na Kitovu

"Ufa usio na kitovu, nusa kitambaa chako."

Bi Sekela, fundi wa pikipiki, alisema hivyo huku akifungua skrubu ya pili ya taa. Vijana wawili, mwenye pikipiki na mwenzake, waliokuwa wakilaumiana kuhusu nyufa za taa hiyo, wakauliza maneno hayo yametoka wapi. Mkono wake haukusimama. Yalizaliwa hapa hapa Tukuyu, akawaambia, siku Gwakisa alipotaka mwenzake afukuzwe kijiweni.

Gwakisa alikuwa dereva wa bodaboda aliyependa chombo chake king'ae. Kila asubuhi alikipangusa kuanzia mkia hadi taa. Hata hivyo kioo cha taa kikaanza kufanya nyufa, nyembamba kama nywele, zimetanda kama utando wa buibui. Akanunua kingine. Wiki chache tu, nyufa zikarudi.

Jirani yake wa kuegesha alikuwa Ambakisye, na wote wawili walimgombea muuguzi wa zahanati ya mlimani, abiria wa kila siku. Gwakisa akaanza kumchunga Ambakisye. Akikohoa, amekohoa kwa nini? Akiinama kufunga kiatu karibu na taa, anatafuta nini? Gwakisa akaifunika taa kwa gunia, tena akawa anakipangusa kioo mara mbili kwa siku, apate kuona kama kimeguswa. Nyufa zikazidi.

"Anakigonga kwa kokoto," akamwambia mwenyekiti wa kijiwe mbele ya wenzao. "Polepole, kila nikigeuka."

"Ikithibitika, anaondoka leo leo," mwenyekiti akasema.

"Kaka," Ambakisye akauliza, "niipasue taa yako nipate nini? Katika ukungu huu, si sote tunahitaji taa?"

"Mwizi hakosi la kusema!"

Gwakisa mwenyewe akamwita Mzee Kabuje, fundi, aje kuthibitisha. Mzee akakigeuza kioo kwenye jua, akapitisha ukucha juu yake.

"Jiwe likipiga huacha kitovu," akasema. "Nyufa zote hutokea pale lilipogonga. Haya, nionyesheni kitovu."

Wakatafuta. Hakikuwepo.

"Unapangusia nini?"

Gwakisa akachomoa kitambaa chini ya kiti. Mzee akakinusa, akampa mwenyekiti, naye akampa Ambakisye.

"Petroli! Kaka, unakinywesha kioo petroli?"

"Inatoa matope upesi," Gwakisa akajibu.

"Na kioo hiki ni plastiki; petroli huila," Mzee Kabuje akasema. "Maji na sabuni vinatosha."

Watu wakaangua kicheko. Ambakisye hakucheka. Alikuwa anavaa helmeti.

"Ndugu yangu, nisamehe," Gwakisa akasema.

"Nimekusikia. Ila leo niache."

Akawasha, akaondoka. Gwakisa akanunua kioo kipya, lakini hakukifunga. Alikaa nacho siku mbili, kimezungushiwa karatasi yake, nafasi ya jirani ikiwa tupu. Siku ya tatu Ambakisye akaja, akaegesha palepale, akanyoosha mkono bila salamu: "Lete bisibisi."

Bi Sekela aliweka skrubu zote nne ndani ya kifuniko cha chupa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya migomba.

"Hii tutaimalizia kesho," akasema.

Mwenye pikipiki alichomoa kitambaa mfukoni. Akakisogeza puani, mwenzake akimtazama.

"Eti, Bi Sekela," akasema taratibu, "ufa usio na kitovu..."

"Nusa kitambaa chako," mwenzake akamalizia.