Mfalme Aliyefunga Mto Akawaita Wakulima Wavivu

Isome yote kabla hujaituma. Nawajua, mna tabia ya kusambaza kitu ambacho hata hamjakifungua.

Palikuwa na mfalme aliyetawala mahali mto unapoingia baharini. Bwana yule alipenda maua kuliko watu. Akajenga ukuta juu mtoni, maji matamu yote yakageukia bustani yake. Huku chini, bahari ikaona njia iko wazi, ikapanda mpaka mashambani.

Misimu mitatu mpunga ukatoka njano. Mfalme akatangaza: "Wakulima wa chini ni wavivu!"

Wavivu! Watu ambao kila maji yakijaa wanayaonja kwa ulimi kwanza, wajue kama yana chumvi, ndipo wafungue tuta au waliache. Mimi shule niliiacha darasa la sita, niliona inanichelewesha, lakini ujinga wa kiwango hicho sijawahi kuufikia.

Mshauri wake, Bwana Ligaga, akasema, "Waongeze samadi tu." Wakaongeza. Mpunga ukazidi njano, mifereji ikanuka, samaki wakaelea matumbo juu.

Ndipo mfalme akamwita Bi Siwatu, mjane aliyekuwa muonja maji wa kijiji.

"Bibi, nakupa siku arobaini. Usiponionyesha mpunga wa kijani, shamba lako nampa Ligaga."

"Mfalme wangu, samadi haina kosa. Ndani ya tope mna vijidudu, macho hayavioni. Hao ndio wapishi. Wanaipika samadi mbichi, ndipo mpunga unakula. Tope lenye afya halikai na harufu. La kwetu sasa linawasha pua kama mkojo wa mbuzi, mwezi mzima. Chumvi imewalemea wapishi, nyie mnatuletea unga zaidi!"

Ligaga akacheka mpaka akashika mbavu. "Wapishi wasioonekana! Bibi wewe, jua limekupata."

"Basi tupime," akasema Siwatu. "Vyungu viwili. Tope moja, la upande wa juu wa ukuta wenu. Mbegu zile zile. Samadi konzi moja moja. Kimoja kinyweshwe maji ya juu, kingine maji ya kwetu. Vifungiwe uani kwa mfalme, na ufunguo akae nao huyo huyo anayecheka."

Watu wa kijiji wakashika vichwa. Ufunguo kwa Ligaga? Anayelitaka shamba?

Siku ya arobaini mlango ukafunguliwa. Chungu cha maji ya juu kilikuwa kijani, majani yamesimama. Cha maji ya chini kilikuwa njano tupu, na uvundo wake ukamrudisha mfalme hatua tatu nyuma.

Siwatu akainama, akanusa. "Mfalme, konzi moja hainuki hivi."

Ligaga, jasho linamtiririka, akaropoka: "Hata mimi sielewi! Hicho nilikiongezea konzi nne kila wiki, mbona hakikustawi?"

Hata walinzi walitazama chini wasicheke.

Mjanja aliiba mtihani, akaishia kuthibitisha jibu la mwenzake.

Na mfalme, baada ya yote hayo, unajua aliuliza nini? "Kwa hiyo bustani yangu ndiyo ikauke?"

"Ikauke," akajibu Siwatu. "Sisi umetukaushia misimu mitatu, na matusi juu."

Watu wote uani wakapiga makofi, na mfalme akaona aibu kukataa. Ukuta ukabomolewa, Ligaga akibeba mawe. Lakini tope halikupona siku hiyo. Masika mawili yalipita yakiosha chumvi, wapishi wakirudi kidogo kidogo. Msimu wa tatu Siwatu akavuna, kwenye shamba lake mwenyewe. Mfalme hajaomba radhi mpaka leo.

Funzo: Kabla hujamwita mtu mvivu, angalia kwanza ulichomfungia, na wafanyakazi usiowaona ndio wanaokulisha, ukiwaua usitegemee kuwarudisha kwa amri.