Klotilda Aketi Wapi?

Paukwa?
Pakawa.
Kiti?
Cha mwenye cheo.
Kigoda?
Cha mwenye bahati.
Sakafu?
Yetu sote.

Basi fumbeni macho, wanangu, muuone ukumbi mrefu wa mfalme wa Ufaransa, zamani za kale. Sakafu inang'aa hata paka anajiona sharubu. Na watu wamesimama, wamesimama, wamesimama. Kwa nini? Kule kukaa kulikuwa cheo. Kiti chenye mikono ni cha mfalme na mama yake. Kiti chenye mgongo ni cha mabinti wa ndoa. Kigoda ni cha wake wa wakubwa. Na mtu yeyote asikae juu kuliko mama wa mfalme. Shikeni hilo, litatufaa.

Mfalme alikuwa na mabinti wawili ambao mama yao hakuwa malkia, Klotilda na mdogo wake Odila. Aliwapenda. Akasema mbele ya watu, "Hawa ni wanangu wa halali." Lakini wakae wapi? Hilo alisahau kulisema.

Ikafika sherehe ya bibi yao, mama wa mfalme. Klotilda alitaka jambo moja tu, kukaa karibu na bibi. Bibi masikio yalikuwa mazito, na wa mbali hakumsikia.

Akagusa kiti chenye mgongo. Adelaida, mtoto wa baba yake mdogo, akakivuta. "Hicho cha mabinti wa ndoa, dada."

Akagusa kigoda. Adelaida akakivuta. "Hicho cha walioolewa."

Akaegemea ukuta. "Na ukuta ni wa walinzi."

"Basi mimi ni wa wapi?"

"Wewe ni wa kusimama."

Klotilda akamtazama baba yake. Mfalme akakohoa. "Desturi, mwanangu. Imenizidi umri."

"Dada," Odila akanong'ona, "miguu yangu inalia."

Klotilda akawaza. Desturi imetaja kiti. Imetaja kigoda. Sakafu je? Haikutajwa. Akaketi chini, pu, miguuni pa bibi. Akatoa vifupa vya kondoo, yeye na Odila wakaanza kucheza mdako. Rusha, okota, daka.

Adelaida akacheka. "Tazameni, kuku anaatamia."

Bibi hakusikia, ila macho alikuwa nayo. "Unadaka vibaya, mjukuu wangu. Geuza kiganja."

"Nionyeshe, Bibi," Klotilda akapaza sauti.

Bibi akashuka kitini, magoti yakilia kama mlango mkavu. Akaketi sakafuni. Akarusha, akaokota, akadaka.

Mnakumbuka nilichowaambia mshike? Mtu asikae juu kuliko mama wa mfalme. Mfalme akavua taji, akashuka. Wenye viti wakashuka. Wenye vigoda wakashuka. Magauni yakajaa sakafu yote, na Adelaida akabaki amesimama peke yake.

"Na mimi ni wa wapi?" akauliza polepole.

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Klotilda, na lilikuwa tamu. Akalimeza. "Sogea, Odila. Binamu akae."

Adelaida akakaa, na kumbe alijua kudaka kuliko wote. Walicheka hata mishumaa ikatikisika. Bibi akasema, "Tangu leo Klotilda na Odila watakaa ninapokaa mimi." Nani angembishia?

Hadithi yangu imeketi kitako, nanyi sasa inukeni. Ila nawaomba mkumbuke kitu kimoja: mtu akikosa pa kukaa, sogeeni.