Nani Ashike Nenosiri la Msandarusi

Wengine huanza kwa kuuliza kama mpo. Mimi nawaona mpo, na nawaona mmechoka, basi tusipotezeane muda. Nina swali moja tu, nalo liko mwisho. Atakayelala kabla ya hapo, jirani yake amwamshe.

Palikuwa na kata inaitwa Msandarusi, huko kwenye vilima ambako ukungu huingia ofisini bila kupiga hodi na kuondoka saa ileile watumishi wanapofika. Kata hiyo ilikuwa na baraza la usuluhishi, na baraza hilo lilikuwa na watu watatu wa kuwakumbuka, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi. Mwanaidi Shekiondo, mjumbe. Kipaji chake kilikuwa kushuku. Alishuku mizani ya dukani, alishuku utabiri wa hali ya hewa, na wanasema siku ya ndoa yake alimuuliza shehe maswali mawili kabla ya kulijibu lake.

Wa pili ni Fadhila Hoza, fundi wa simu na kompyuta, mwenye kibanda nyuma ya soko. Kipaji chake kilikuwa kufungua. Alichokifunga mwenye kiwanda kwa gundi, skrubu na onyo, Fadhila alikifungua kwa bisibisi na ukaidi. Hakuwa mtumishi wa baraza, ila baraza lilimwita kila kitu kilipozimika, kwa hiyo alikuwa hapo karibu kila siku.

Wa tatu ni Mbwambo, karani. Kipaji chake kilikuwa kusubiri. Angeweza kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali mpaka benchi lichoke. Watani wake walisema Mpare hachoki na kesi. Naye aliwajibu kwamba ndiyo maana serikali imemwajiri aandike za wenzake.

Na palikuwa na mtu wa nne, Nakijwa, mshona nguo, ambaye hakuwa na kipaji chochote kinachohusika hapa. Alikuwa na watoto wawili, na mume aitwaye Hemedi, ambaye yeye Nakijwa alikuwa amemkimbia.

Nakijwa alikuja barazani kueleza kwa nini amekimbia. Kanuni inamtaka mlalamikaji ataje anapoishi, maana wito haupelekwi hewani. Asiye na anwani hana shauri. Akataja: kwa shoga yake, jirani na mashine ya kusaga. Mbwambo akaandika yote kwenye kompyuta, na wajumbe wakaahidi siri.

Kabla wito haujatoka, Hemedi alikuwa mlangoni kwa yule shoga. Siku hiyo hakumpiga mtu. Alisimama tu akayarudia maneno ya Nakijwa kwa mpangilio wa Nakijwa mwenyewe: kwanza habari ya cherehani iliyovunjwa, kisha ya mtoto kufungiwa nje kwenye mvua, kisha ile ambayo Nakijwa hakuwahi kumwambia hata mama yake. Alipomaliza akasema, "Umeeleza vizuri. Sasa rudi nyumbani."

Nakijwa akahama tena, akarudi barazani.

"Nitaeleza upya," alisema. "Lakini nikitaja ninapoishi sasa, nataka mtu mmoja aniapie kwamba maneno yatabaki humu ndani."

Wote wakamtazama Mbwambo, kwa kuwa siri ikitoka, anayetazamwa ni karani.

Hapo ndipo kipaji cha Bi. Mwanaidi kilipofanya kazi. Alianza kwa kumshuku Mbwambo kwa haki, kama anavyomshuku kila mtu, lakini akachoka naye mapema. Mbwambo hata salamu alizitoa kwa kupima, angeuza siri kwa ulimi gani? Akavuta kiti, akaketi kando yake mbele ya kompyuta.

"Andika."

"Niandike nini, Bi. Mwanaidi?"

"Andika kwamba beberu wa Mheshimiwa Diwani ameingia shule ya msingi akala bendera."

"Mheshimiwa hana beberu."

"Ndiyo maana nimemchagua."

Mbwambo akaandika, akahifadhi. Hawakuchapa wala kumsomea mtu. Walifunga mlango wakakaa humo wawili na sahani ya mihogo, kila mmoja akimlinda mwenzake. Mihogo haijaisha, simu ya mezani ikalia.

"Beberu gani?" ilisema sauti ya Mheshimiwa. "Mimi sifugi."

Mheshimiwa akaja mwenyewe, ameumia kweli. "Sijaiba kitu," alisema. "Kumbukumbu zenu zinakuja zenyewe kwenye simu yangu, kama salamu za kundi la familia. Nikajua ndio utaratibu."

Kumbe ile kompyuta aliitoa yeye kwa baraza, kwa utepe na picha. Siku ya kuiwasha, programu zilidai barua pepe ya mtu kabla hazijaruhusu hata kuandika "Yah:". Ofisini hakuna aliyekuwa nayo. Mheshimiwa akatoa yake, watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo kila kilichohifadhiwa kilijinakili kwenda kwenye hifadhi ya mbali, wenyewe wanaiita wingu, na kutoka winguni kikamnyeshea Mheshimiwa simuni. Na Mheshimiwa alikuwa kaka yake Hemedi.

"Maneno ya shemeji yako ukampelekea mumewe," alisema Bi. Mwanaidi.

"Kwa nia ya kusuluhisha, shangazi."

"Hiyo ni kazi ya baraza. Wewe hukuapa."

Hapo kikafuata kipaji cha Fadhila. Alipoitwa, Mbwambo alimwambia aondoe tu jina la Mheshimiwa ili watu warudi kazini.

"Nitaliondoa sasa hivi," alisema Fadhila, "na kesho itakudai jingine. Na yale inayowatumia walioitengeneza?"

"Inawatumia nini?"

"Mkataba mliokubali unasema ni taarifa za kuboresha huduma. Ni zipi, sijui. Ndani pamefungwa, na hawamruhusu mtu kuchungulia."

Nakijwa, aliyekuwa kwenye kona, akauliza, "Unaweza kuniapia kwamba hazihusu maneno yangu?"

"Dada, siwezi kuapia chungu nisichoruhusiwa kukifunua."

Akawaeleza kwamba ipo programu nyingine ya kuendeshea kompyuta, inaitwa Linux. Imeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi, na maandishi yake yako wazi, anayejua kusoma anaingia kutazama kama kuna mlango wa uani. Kuwaka kwake hakuhitaji barua pepe ya mtu.

"Mwenyewe ni nani?" aliuliza Bi. Mwanaidi.

"Ni ya kila mtu, shangazi."

"Choo cha stendi nacho ni cha kila mtu."

"Na kisima pia. Akikichafua mmoja, mji mzima unapiga kelele."

Bi. Mwanaidi akalitafuna hilo, akaona halina kasoro ya haraka. Fadhila akafuta kila kitu akaanza upya. Printa ikagoma. Printa hugoma duniani kote, lakini hii iligoma kwa imani, akalazimika kuilaza mezani kama mgonjwa na kuibembeleza hadi ikatoa karatasi. Mwisho akaifunga hifadhi yote kwa nenosiri moja. "Asiyelijua haoni kitu humu," alisema. "Hata mimi, likibadilishwa, sitaifungua." Kwa mtu wa kipaji chake, yalikuwa maneno mazito. Akaongeza jambo ambalo wauzaji huwa hawaliongezi: "Ila Linux haizibi mdomo wa mtu. Atakayelishika nenosiri ndiye siri yenyewe."

Halmashauri ikasikia. Halmashauri hiyo haikuwahi kusikia daraja likiondoka na maji, lakini hili ililisikia. Ikaleta barua kwamba kifaa cha umma kimebadilishwa bila kibali, kifungiwe kabatini hadi itakapoelekezwa vinginevyo. Shauri la Nakijwa likafungiwa nacho.

Ndipo kilipofanya kazi kipaji cha Mbwambo. Alikwenda wilayani, akakaa kwenye benchi la ofisi ya TEHAMA. Alikaa hadi mhudumu akamzoea, akawa anafagia kwa kumzunguka.

"Hii Linux ni ya kampuni gani?" afisa alimuuliza hatimaye.

"Haina kampuni moja, mkuu."

"Fomu inataka jina la mmiliki."

"Haina mmiliki."

"Kitu kisicho na mmiliki ni mali ya serikali," alisema afisa. "Mbona mmekitumia bila kutuomba?"

TEHAMA wakamtuma Manunuzi. Manunuzi wakasema hakuna kinachoingia ofisini bila bei za wauzaji watatu. Mbwambo akaeleza kwamba hiki ni bure. Wakamjibu kwamba bure si bei. Akarudi na karatasi tatu za Linux za aina tatu, kila moja imeandikwa sifuri. Kamati ikakaa, ikalinganisha, ikachagua sifuri ya katikati, maana bei ya chini mno hutia shaka juu ya ubora.

Afisa mmoja alimwonea huruma. "Bwana Mbwambo, rudisheni ile ya zamani. Kibali unacho leo hii, chai unakunywa kwako."

"Nitasubiri," alisema Mbwambo. Na alisubiri katika korido ambako watu walimpita wakinong'ona, "Huyo ndiye karani aliyeuza maneno ya mwanamke." Hakugeuka kuwajibu.

Kibali kikatoka. Kilikuwa na sharti: nenosiri lishikwe na mtu mmoja, jina lake liandikwe hapa chini. Huyo ndiye atakayeifungua mashine asubuhi na kuifunga jioni, na hakuna mwingine.

Baraza likakaa. Msiniambie walishike wote watatu, hilo lilisemwa, na Fadhila akajibu kwamba nenosiri la watu watatu ni tangazo. Wala msiniambie walikate vipande, maana Msandarusi haijapita wiki bila mmoja wao kuwa msibani.

"Nipeni mimi," alisema Bi. Mwanaidi. "Bila mimi mngekuwa bado mnamkodolea macho huyu Mpare."

"Bila mimi," alisema Fadhila, "mngejua panapovuja na mkaendelea kuloa. Miaka yote mnaniita fundi wa chaja. Leo niiteni kwa kazi niliyofanya."

Mbwambo alisema mwisho, na kwa sauti ndogo. "Bila mimi ingekuwa kabatini. Nami nimeitwa muuza siri mbele ya mke wangu. Mkimpa mwingine, watu watasema walijua."

Nakijwa aliwasikiliza wote. Alikuwa amebeba mfuko wa nguo, kwa sababu siku hizo alitembea nao kila mahali.

"Shangazi," alimwambia Bi. Mwanaidi, "wewe ndiye uliyenipokea kwenye ukoo wa Hemedi, kwa mikono yako. Siku akija kukupigia magoti, mtoto wa kaka yako?"

"Atakuja," alisema Bi. Mwanaidi. "Namjua."

"Na wewe?"

Bi. Mwanaidi akatazama ukungu dirishani. "Mwanaidi wa siku hiyo simjui. Naona nimshuku na yeye."

Nakijwa akamgeukia Fadhila. "Kibanda chako kiko kwenye kiwanja cha nani?"

"Cha kata. Kibali anasaini Mheshimiwa kila mwaka." Fadhila akaanza kusafisha bisibisi iliyokuwa safi.

"Nawe, Bwana Mbwambo?"

"Mimi wananihamisha wakitaka," alisema Mbwambo. "Na Mheshimiwa anakaa kwenye vikao vinavyotaka." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumbukumbu sahihi, akaongeza, "Tena siku ile ya utepe, palipoandikwa 'Nakubali', kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Mkataba sikuusoma. Ulikuwa mrefu."

Hakuna aliyecheka. Wote humo ndani walikuwa wamewahi kubonyeza.

"Sitafuti malaika," alisema Nakijwa. "Nimechoka kuhama, na watoto wamechoka kuuliza tunalala wapi. Nitajieni mmoja nimtazame usoni nimwambie ninapoishi. Au mniambie hayupo, nichukue mfuko wangu."

Wa kuamua alikuwa mwenyekiti wa baraza. Lakini siku hiyo mwenyekiti alikuwa ameamka na homa, kama ilivyo desturi ya wenyeviti siku za uamuzi, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Bado ni kitupu. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Njoo, wewe uliyekuwa unatingisha kichwa tangu habari ya beberu, ukae. Aliyegundua panapovuja yuko kulia kwako, aliyeziba yuko kushoto, na aliyekipigania kizibo hicho kisizibuliwe yuko mbele yako na kalamu ameshakufungulia. Ukiondoa kazi ya mmoja, za wawili waliobaki si kitu. Na kila mmoja ana kamba shingoni, ncha yake iko mkononi mwa ndugu wawili walewale. Karatasi ina nafasi ya jina moja.

Nakijwa ameshasimama, mfuko uko begani, anakutazama wewe. Unaandika la nani?