Maswali Kumi ya Bwana Kilindo

Hapo si zamani sana, mama mmoja kijana, Siwema, aliacha kufundisha kemia ili ajifunze ushonaji. Cherehani aliahidiwa na fundi wake baada ya miezi mitatu, lakini mtoto wa mgongoni hangoji, anataka uji leo leo! Akakimbilia kiwanda cha sabuni kuomba kibarua cha kufunga miche.

Mwenye kiwanda, Bwana Kilindo, hakuwataka wasomi.

"Wananibishia, kisha wananikimbia," alisema. "Nina maswali kumi. Jibu kweli au si kweli. Ukipata hata moja, mlango ule pale. Haya, popo ni ndege?"

"Kweli, bosi. Si anaruka?"

"Jua huizunguka dunia?"

"Kweli tupu! Kila siku naliona likipita juu ya bati letu."

Bwana Kilindo akacheka mpaka machozi. Likaja la tatu, la nne, hadi la kumi, na Siwema akakosa yote.

"Huyu ndiye!" Akatia saini mkataba wa miezi mitatu, usiovunjwa na yeyote, na Siwema akabandika dole gumba.

Karani aliyekaa pembeni akakohoa. "Bosi, tangu asubuhi umefukuza watu ishirini, kila mmoja alibahatisha mawili matatu. Huyu amekosaje yote?"

Kicheko kikakatika. "We mama, umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu, bosi," Siwema akajibu, huku akikaza kanga ya mtoto. "Ila hilo ni la kumi na moja. Nianze na sanduku lipi?"